Berlin Katika Nathari Yetu

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Kiwanjani, jirani na uwanja wa ndege wa Isiolo, huenda akaizoea ndege kabla ya kuliona garimoshi. Reli iliyo karibu naye inaishia Nanyuki. Ile ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, haijamfikia. Hata hivyo, safari ya garimoshi Ulaya si ngeni katika lugha yake. Ngeni ni kwa silabasi yake.

Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, aliusimulia mji huo kwa Kiswahili. Selim bin Abakari, Mngazija, alitoka Berlin mwaka 1896 pamoja na bwana wake, Bumiller, akapanda garimoshi kuelekea Urusi na Siberia, naye akasimulia. Habari za Selim zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*. Ni miaka 33 kabla ya *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kitabu ambacho wengi hukitaja wanapoanza kueleza historia ya nathari ya Kiswahili.

Kwa nini basi matini hizi zinasomwa zaidi na wanaisimu wa Ujerumani kuliko wanafunzi wa Afrika Mashariki? Jibu la kawaida ni kwamba zilikusanywa na mkoloni. Ni kweli, na jambo hilo halifai kupuuzwa: Velten ndiye aliyezichagua na kuzihariri habari za Selim, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa Wajerumani waliojifunza lugha ili waje kutawala. Msimulizi aliyekula mkate wa bwana wake hakuwa huru kusema kila alichokiona. Lakini huo ndio uhondo wa kuzihakiki! Mhakiki anapaswa kuuliza msimulizi anasifu nini, ananyamazia nini, na ni msamiati gani wa pwani anaoutumia kuvieleza vitu ambavyo wasikilizaji wa nyumbani hawajaviona. Maswali kama hayo huulizwa kila siku kuhusu tenzi, na hakuna anayezitupa kwa sababu mswada wake umehifadhiwa Hamburg au London.

Idara za Kiswahili zingeweza kuanza na kurasa chache tu za Amur, zenye maelezo ya msamiati, katika kozi ya historia ya fasihi mwaka wa kwanza. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa Kiwanjani iwe kuueleza mtaa wake kwa msomaji wa Berlin asiyeujua.