Stempu ya Mchekeshaji, na Aibu Yetu



Mwaka 1994 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 29 kumkumbuka James Thurber, mwandishi wa vichekesho na mchora katuni aliyezaliwa Columbus, Ohio, miaka mia moja kabla yake. Sura iliyomo aliichora mwenyewe, mistari michache tu kama ya mtoto wa chekechea. Thurber alipoteza jicho moja utotoni kwa mshale wa kaka yake, na la pili likafifia miaka ilivyokwenda. Hakuwa rais wala jemadari. Aliwachekesha watu, basi, na taifa lake likaona inatosha.

Na sisi je? Posta ya Tanzania iliwahi kutoa stempu za Mickey Mouse na wenzake wa Disney. Panya wa Marekani akabandikwa jina la nchi yetu na bei kwa shilingi! Tunaijua hoja: wakusanyaji wa nje hununua, na fedha za kigeni huingia. Hatubishi. Lakini sisi hatujapata kupokea bahasha yenye Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wala yenye Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kule Kenya kwa miongo mingi.

Wapo watakaosema stempu ni heshima ya taifa, katuni ni mzaha. Tuulizane kwa haki: wangapi kati yetu tulilifungua Uhuru kumtafuta Chakubanga kwanza, hotuba ya ukurasa wa mbele tukaiacha baadaye? Wangapi tulijifunza kusoma kwa hamu kupitia Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa jarida la Sani?

Wengine wetu ni wahandisi, na tunajua karatasi ya gazeti ina asidi: hugeuka manjano, kisha humeguka. Michoro ile inakufa makabatini, na watoto wetu huku ughaibuni wanamjua panya tu.

Marekani ipo kamati inayopokea mapendekezo ya stempu kutoka kwa mwananchi yeyote. Nasi tusingoje kuulizwa. Tuziandikie Posta za nyumbani, kila mmoja barua yake, tuwataje wachoraji wetu kwa majina.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Pete tunayo; tumeivisha chanda cha jirani.