UTEUTE WA UANI SI SUMU, SUMU IKO GHALANI



Mvua zinapokolea, uani huweza kuzuka kitu cha kutia hofu. Ni uteute wa manjano, mfano wa uji uliomwagika au matapishi ya mbwa, umetanda juu ya ukoka au juu ya rundo la majani makavu ya mkorosho. Jana haukuwepo, leo umeenea kiasi cha sinia. Siku chache baadaye umekuwa vumbi la kijivu au la kahawia. Mmoja atasema ni ugonjwa wa majani. Mwingine atasema umetegwa na jirani mwenye husuda.

Tusimsingizie jirani. Huyo ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu kama viumbe wengine. Si mmea, na wataalamu hawamhesabu tena katika jamii ya kuvu. Chakula chake ni bakteria na vijidudu vingine vilivyomo katika majani yanayooza. Hanyonyi ukoka wako, huupanda tu ili apate pa kutolea vumbi la uzazi wake. Wala haleti maradhi kwa watu, isipokuwa vumbi hilo laweza kumsumbua mwenye pumu. Kwa upande wa tohara, tunajua kuwa asili ya vitu ni usafi mpaka ithibitike vinginevyo.

Basi ufanyeje? Uzoe kwa koleo ukiwa bado mbichi, uufukie. Aliye na maji ya kutosha anaweza kuuosha, lakini Newala, ambako ndoo ya maji ina thamani yake, koleo linatosha. Kisha ondoa majani yanayooza karibu na nyumba, jua lipate kuingia. Ukishageuka vumbi, mwenye pumu asiufagie yeye.

Ninalolipinga ni kukimbilia salfa iliyobaki msimuni. Salfa ina kazi yake mikoroshoni, kuzuia ubwiriunga, ugonjwa uliochangia kuliporomosha zao la korosho katika miaka ya 1980. Uani haina kazi. Vumbi lake huwasha macho, koo na kifua, na hapo ndipo watoto wanapocheza. Wengi wetu tunakinga maji ya mvua kwenye bati, na vumbi likitua juu ya bati litaishia kisimani. Tena salfa huongeza tindikali katika udongo. Kwa nini tujidhuru kwa ajili ya kitu ambacho jua la siku chache linakimaliza?

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Tunautetemekea uteute usio na madhara, halafu tunaingia ghalani na kuchambua karanga zenye ukungu tukisema, "Hizi zitafaa kusagwa." Hapo ndipo penye hatari. Kuvu wa karanga na mahindi huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani kwa macho, haina harufu, na kupika hakuimalizi. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ikiingia nyingi kwa mara moja huua. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo, mama na baba wa nyumba, bidii ile ya kupambana na uteute ihamishieni ghalani. Karanga, mahindi na makopa vianikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Viingie ghalani vikiwa vimekauka sawasawa, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta unaovuja. Mfuko uliowahi kubeba salfa usitiwe chakula kamwe.

Na vilivyoota ukungu vitupwe. Msiwape kuku, kwani nao hudhurika. Kuna atakayeona kuwa hiyo ni israfu. Israfu ni kutupa chakula kizuri. Kuitoa sumu mbele ya watoto wako ni kutunza amana uliyopewa.

Wabillahi tawfiq.