Mali Bila Daftari

Mwaka 2013 wazazi wa Kenya waliahidiwa kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikafutwa. Vifaa vikaanza kufika shuleni 2016, hatimaye vikapita milioni moja. Vipo vilivyoibwa, vipo vilivyofungiwa kabatini.

Mzazi wa Pumwani au Kaloleni, mitaa ya mashariki ya Nairobi, amuulize nani? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupeleka ripoti Bungeni. Mlangoni pa shule haifiki. Nao wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Fedha za umma ni amana. Basi orodha na ibandikwe ukutani, shuleni na maktabani: vilipokewa vingapi, vingapi vyafanya kazi, na ufunguo anao nani.