Mwani wa Kina Kirefu, Boti ya Nani?

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wanaume walijaribu, wengi wakaona malipo madogo, wakarudi kuvua. Wanawake walibaki, wengine kwa kugombana na waume zao. Leo wao ndio takriban wakulima wanane katika kila kumi, na fedha ya mwani imelipia sare za shule, dawa na mabati ya nyumba nyingi.

Kazi ile waliimudu kwa sababu haikuhitaji chombo. Maji yakitoka wakati wa bamvua, mama hushuka pwani kwa miguu na vigingi, kamba na mbegu, akafunga, na baada ya wiki sita hivi akavuna. Sasa maji hayohayo mafupi ndiyo yanayomharibia. Jua la kaskazi huyachemsha hadi joto kupita nyuzi 30. Mwani hupauka, hulegea na kukatika. Mvua kubwa nayo hupunguza chumvi. Inayoumia zaidi ni kotonii, aina ya mwani yenye karajinani (ute wa mwani) inayoganda vizuri, ambayo bei yake aghalabu huwa maradufu ya aina nyingine, spinosamu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imezidi kushindwa, na Unguja sehemu nyingi wameiacha. Mgongo unaoinama ni uleule, malipo yamepungua.

Watafiti, Dk. Flower Msuya akiwa mstari wa mbele, wamefanya majaribio ya kuihamishia kotonii kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi, kwa kutumia nyavu za mirija zinazouzuia mwani kuchukuliwa na mawimbi. Kitaalamu, naliona jibu hili kuwa sahihi. Lakini kina kirefu kinataka boti, na kinataka mtu ajuaye kuogelea. Wakulima wengi wa mwani hawajui, ingawa wamezaliwa hatua chache tu kutoka baharini, kwani watoto wa kike hawakuachiwa kujifunza. Na boti ni za wanaume. Mwanamke akikodi chombo na nahodha kila bamvua, faida ya kotonii inaishia kwenye kodi. Ninachohofia zaidi ni kwamba bei ikipanda, mwenye boti atajiuliza kwa nini asilime mwenyewe.

Wapo wanaoshauri wanawake waache kuhangaika na kina, watengeneze sabuni na mafuta ya mwani. Sabuni inafaa, na vikundi vya wanawake vimeitengeneza kwa miaka mingi. Ila wanunuzi wake wakubwa ni watalii, na mwaka 2020 walipokosekana kwa sababu ya korona tulijionea jinsi soko hilo lilivyo dhaifu. Tena sabuni nayo inahitaji mwani uliokua.

Serikali ya Zanzibar imeuweka mwani ndani ya Uchumi wa Buluu, na vifaa vinagawiwa. Basi boti ziandikwe kwa jina la vikundi vya wanawake, na mafunzo ya kuogelea yatolewe na wakufunzi wanawake, kwa mavazi ya staha, hapohapo kwenye shehia zao. Yafanyike haya kabla ya nyavu kushushwa majini.