Jordan au LeBron: Tuulize Kwanza Mizani

Apitaye Kibokoni au Kuze baada ya Alasiri, katika siku ambazo ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani imefikia fainali zake, aghalabu hukuta vijana barazani wamekabana kwa maneno juu ya jambo moja tu: nani bora baina ya Michael Jordan na LeBron James? Bishano hilo limeingia hata madarasani. Mwalimu anayesimamia chama cha mijadala anajua kwamba mada ya uhifadhi wa mazingira itamletea wanafunzi kumi wanaopiga miayo, ilhali mada ya Jordan na LeBron itaujaza ukumbi hadi madirishani.

Wapo wazee wanaolibeza bishano hili kwa kusema kwamba mambo ya Chicago na Cleveland hayatuhusu sisi watu wa Mvita. Safu hii haikubaliani nao. Wao wenyewe walipokuwa vijana walikuwa na bishano lao: Juma Bhalo au Zein l'Abdin? Aliyevutwa na sauti, na zile lahani zenye asili ya Kihindi, alimweka Bhalo juu. Aliyevutwa na vidole vinavyotembea juu ya nyuzi za udi hakuona mwingine ila Zein. Mwafaka haukupatikana, na haungeweza kupatikana, kwa kuwa mmoja alikuwa akipima koo na mwenziwe akipima vidole, na wote wawili wakidhani wanapima kitu kimoja.

Hapo ndipo penye kasoro ya bishano la leo pia. Vijana wetu wana takwimu tele vichwani. Walichokosa ni mizani.

Na tuzitazame hoja zenyewe. Wafuasi wa Jordan huanza na hesabu ya fainali: aliingia sita, mwaka 1991, 1992, 1993, 1996, 1997 na 1998, akashinda zote, na kila mara akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali hizo. LeBron ameingia fainali kumi na kushinda nne, za 2012, 2013, 2016 na 2020. Hivyo basi, husema, sita si nne, na kesi imekwisha.

Kesi haijaisha. Ikiwa idadi ya ubingwa ndiyo mizani, basi Bill Russell wa Boston, mwenye ubingwa mara 11, amempita Jordan kwa mbali, na hata Robert Horry, ambaye hakuwahi kuteuliwa katika kikosi cha nyota wa ligi, ana ubingwa mara saba. Hakuna kijana yeyote barazani anayemtaja Horry. Kumbe hawaiamini mizani hiyo hata wao wanaoitumia.

Ama ile kauli kwamba Jordan hakuwahi kushindwa fainali, ni kauli ya kweli inayotumiwa vibaya. Kabla ya 1991 timu yake ya Chicago Bulls ilitolewa katika raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo, 1985, 1986 na 1987, kisha ikazuiwa na Detroit 1988, 1989 na 1990. Hakushindwa fainali kwa sababu miaka hiyo hakufika fainali. Je, timu ya shule inayoshindwa katika fainali za taifa ni dhaifu kuliko ile iliyotolewa katika mashindano ya kaunti? Mwanafunzi akiulizwa swali hilo juu ya shule yake mwenyewe, hujibu mara moja. Akiulizwa juu ya LeBron, akili humpotea ghafla.

Upande wa LeBron nao haujasalimika. Silaha yao kubwa ni wingi. Usiku wa tarehe 7 Februari 2023 LeBron alizipita pointi 38,387 za Kareem Abdul-Jabbar, rekodi iliyodumu tangu miaka ya themanini, na mwezi Machi 2024 akavuka pointi 40,000. Jordan alimaliza akiwa na 32,292. Lakini Jordan alizipata katika michezo 1,072. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake kazi hii ya kugawanya: jibu ni pointi 30 na ushei kwa kila mchezo, ilhali LeBron alipoivunja rekodi ya Kareem alikuwa na wastani wa pointi 27 hivi. Isitoshe, Karl Malone alifunga pointi 36,928, nyingi kuliko za Jordan, bila kutwaa ubingwa hata mara moja, na hatujamsikia mtu Mombasa nzima akidai kwamba Malone alikuwa bora kuliko Jordan.

Hata hivyo, hatuwadhulumu watu wa LeBron. Kudumu ni sifa. Aliingia ligi mwaka 2003 akitoka moja kwa moja katika shule ya upili mjini Akron, na miaka ishirini baadaye bado alikuwa akiwasumbua vijana wenye umri wa kuwa wanawe. Jordan, kwa upande wake, alisoma chuo kikuu cha North Carolina kwa miaka mitatu, akaiacha ligi Oktoba 1993 akaenda kucheza besiboli, akarudi Machi 1995, akaondoka tena, akarejea mara ya mwisho kuchezea Washington hadi 2003. Kumhesabia pointi ambazo angezifunga katika miaka aliyokuwa nje ni sawa na kumpa mwanafunzi alama za mtihani ambao hakuufanya.

Ni jambo la ajabu jinsi wawili hawa walivyopishana mlangoni. Jordan alianza kuchezea Bulls Oktoba 1984. LeBron alizaliwa Desemba ya mwaka huo huo. Jordan alicheza mchezo wake wa mwisho Aprili 2003. LeBron akacheza wa kwanza Oktoba 2003. Hawakukutana uwanjani hata siku moja, na katikati yao kanuni zenyewe zilibadilika. Tangu msimu wa 2001 timu ziliruhusiwa kulinda eneo badala ya kumlinda mtu mmoja mmoja, na tangu 2004 marefa wakakaza sheria dhidi ya mlinzi anayemzuia mshambuliaji kwa mkono. Anayewalinganisha kana kwamba walicheza mchezo mmoja hana budi kueleza kwanza badiliko lipi lilimfaa nani.

Msomaji atatuuliza: nanyi mnasemaje? Hatutajificha. Lugha yetu yenyewe imetupa njia, maana Kiswahili hakikoroganyi maneno haya. Hodari si lazima awe bingwa, na aliyetenda mengi si lazima awe bora. Tukiuliza nani ametenda mengi zaidi, jibu ni LeBron, na hatuoni la kubishania. Tukiuliza nani alikuwa bora siku alipokuwa katika kilele chake, sisi tunamtaja Jordan. Hatumtaji kwa sababu ya zile fainali sita, bali kwa sababu ya msimu mmoja ambao vijana huusahau kwa kuwa haukuishia kwenye ubingwa. Msimu wa 1987-88 Jordan aliongoza ligi kwa kufunga, wastani wa pointi 35 kila mchezo, akaongoza kwa kunyang'anya mipira, akatajwa mchezaji bora wa ligi, na papo hapo akatajwa mlinzi bora wa ligi. Kuwa mbele ya wote katika kushambulia na katika kulinda kwa msimu mmoja ni jambo ambalo LeBron, pamoja na ukuu wake wote, hakulifikia.

Tunajua jiwe litakalorushwa kwenye hoja yetu. Ni fainali za 2016, ambapo Cleveland ilikuwa nyuma kwa michezo mitatu kwa mmoja mbele ya Golden State, timu iliyoshinda michezo 73 msimu huo, kisha ikashinda mitatu mfululizo. Katika fainali hizo LeBron aliwashinda wachezaji wote wa timu zote mbili kwa pointi, kwa mipira aliyoidaka ubaoni, kwa pasi za kufungisha, kwa kunyang'anya na kwa kuzuia mitupo. Ni ushahidi mzito. Atakayetuambia kwamba kilele hupimwa kwa wiki mbili za mtihani mkali kuliko kwa msimu mzima, tutamsikiliza, kwa sababu huyo atakuwa ametaja mizani yake.

Hilo ndilo tunalowataka walimu wetu walitilie maanani. Katika midahalo mingi ya shule, wanafunzi hugawanywa pande mbili, kila upande hukariri hoja zake, na mshindi huamuliwa kwa makofi. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo huandika insha ya mdahalo kwa mtindo huo huo: anamwaga hoja nane za upande mmoja, anafunga kwa methali, na hamna hata sentensi moja inayoonyesha kwamba amemsikia mpinzani wake. Kisha tunashangaa kuwaona watu wazima wakijadili bajeti ya kaunti kwa kuzomeana.

Hapa tuseme la kando. Vijana wanaozijua pointi za LeBron kwa ghibu, wangapi wamewahi kuingia ukumbi wa Makande kuwatazama wanawake na wanaume wa timu za Halmashauri ya Bandari wakicheza mpira huo huo? Wangapi wanakumbuka kwamba mwezi Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alitupa mpira katika sekunde za mwisho, na Kenya ikaishinda Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74 kwa 73? Mwaka huo tulirudi katika mashindano ya Afrika ambayo hatukuyaona tangu 1993, tulipokuwa wenyeji jijini Nairobi. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha mitupo ya mwisho iliyopata kutukia ana wa kwetu pia wa kuuweka mezani.

Pendekezo letu ni dogo. Mwalimu asimruhusu msemaji yeyote kutaja jina la mchezaji kabla ya kutamka kwa sentensi moja anapima nini: ubingwa, wingi, wastani, kilele au kudumu. Kisha azuie kuhamahama, maana ndiyo hila ya barazani. Mtu hushika ubingwa unapomfaa, unapomgeuka akashika wastani. Na akitokea mwanafunzi wa nyuma kabisa akainua mkono na kuuliza mbona hakuna anayemtaja Kareem Abdul-Jabbar, mwenye ubingwa mara sita kama Jordan, pointi nyingi kuliko Jordan, na tuzo sita za mchezaji bora wa ligi ilhali Jordan anazo tano na LeBron nne, asiambiwe akae kitako. Apewe dakika zake, na pande zote mbili zimjibu.