Pasi Haiombwi kwa Kelele

Likizo hii nimecheza sana mpira kwetu Majengo, Sumbawanga, na kitu kimoja kimenikera, wanachuo wenzangu: kiungo wetu humpa mpira anayepiga kelele zaidi. Au mshikaji wake. Winga wa kushoto, dogo mkimya, anakaa huru weee, hapewi.

Mimi nasema pasi nzuri huamuliwa kabla mpira haujakufikia. Mtazame Clatous Chama, Mzambia aliyejiunga na Simba mwaka 2018 (jirani yetu kabisa, ukivuka Kasesya tu). Kabla ya kupokea anageuza shingo, anajua nani yuko huru na nani kakabwa. Njia ya kwanza ikizibwa, anayo ya pili.

Sisi tunapokea kwanza, ndipo tunainua kichwa. Beki ameshafika. Kwa presha hiyo utampa tu uliyemzoea.

Mtaniambia dogo akipewa anapoteza. Sawa, Jumamosi alipoteza mipira miwili. Ila straika wetu "wa uhakika" alipoteza saba, niliihesabu mwenyewe nikiwa benchi, na hakuna aliyemfokea. Dogo kaniambia Jumamosi ijayo haji.