Kabla Hujaisifu Programu Yako, Ipeleke Busia

Simu mpya zinatoka kila mwezi na kila mwezi tunabishana yale yale: kamera, chipu, betri, gemu gani inakwama na ipi inateleza. Mimi nimo katika ubishi huo, tena mstari wa mbele. Lakini kuna kipimo kimoja ambacho hakimo kwenye orodha za wanaokagua simu, nami nakiamini kuliko vingine vyote. Je, kifaa hiki kinaweza kuvuka Busia? Je, programu hii inaweza kulala Malaba ya upande huu, ikaamkia Malaba ya upande ule, na bado ikamjua mwenyewe?

Kwa asiyepajua: Busia ziko mbili na Malaba ziko mbili. Kila mji una pacha wake wa jina lile lile upande wa Uganda. Malaba inatenganishwa na mto, Busia ni barabara na lango tu. Wasamia na Wateso walikuwa pande zote mbili kabla mpaka haujachorwa, na wako pande zote mbili hadi leo. Mtu ana duka huku, shamba kule, na mashemeji kotekote. Hata neno bodaboda, inasimuliwa, lilizaliwa hapa, wakati wa baiskeli zilizobeba watu kutoka lango moja hadi jingine, mwendeshaji akinadi kwa kuita mpaka! mpaka! kwa Kiingereza cha mtaani.

Hoja yangu ni fupi. Programu zetu nyingi zinaandikwa Nairobi (na Kampala nako) kwa ajili ya mtu mwenye nambari moja, nchi moja na pesa moja. Nenda Busia ukamtafute mtu huyo. Hutampata kwa urahisi. Twende kifaa kwa kifaa.

Laini mbili

Nitasema bila haya: laini mbili ni uvumbuzi mkubwa kuliko kioo kinachokunjwa, kuliko alama ya kidole, kuliko kamera nne mgongoni. Simu za Kichina, Tecno wakiwemo, zilituletea jambo hilo mapema. Nokia waliamka Juni 2010, walipotangaza C1-00 na C2. Ile C1-00 ilikuwa na kichekesho chake: ilibeba kadi mbili lakini moja tu ndiyo iliyokuwa macho, na kuhamia ya pili ulibonyeza kitufe cha # ukakishikilia. Siku zile zile walitangaza na chaja ya kufunga kwenye baiskeli. Simu ya laini mbili na chaja ya baiskeli! Sijui kama walikuwa wakiwaza mpakani, lakini wangekuwa wanawaza mpakani wasingefanya tofauti :-)

Na Apple? iPhone ya kwanza yenye nafasi ya laini mbili ilikuja 2018. Miaka minane baada ya kabambe ya Nokia. Kwa hiyo mtu akiniambia teknolojia huanzia kwenye simu za bei ghali kisha ikateremka kwetu, namwambia hii ilipanda mlima kutoka chini.

Mnara hausomi ramani

Hapa kuna somo dogo. Kila kadi ya simu ina nambari ndani yake inayotaja nchi yake. Kadi za Kenya huanza na 639, za Uganda 641. Simu ikiwashwa inasikiliza minara iliyo karibu, inatafuta mnara wa nyumbani kwanza, ikiukosa inashika mwingine wowote unaoruhusiwa. Mnara wa GSM kwa kawaida unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35. Sasa pima mwenyewe: ukikaa Malaba ya Kenya, Tororo iko hapo tu. Mawimbi hayasimami langoni kuonyesha kitambulisho.

Ndiyo maana mtu wa mpakani akinunua simu, mpangilio wa kwanza kuguswa ni ule wa kuchagua mtandao kwa mkono. Asipofanya hivyo, simu inaweza kuvuka mpaka yenyewe huku mwenyewe amekaa jikoni kwake. Zamani safari hiyo ya simu ilikuwa na bei. Celtel ndio waliopunguza makali kwanza, Septemba 2006, walipounganisha Kenya, Uganda na Tanzania kama mtandao mmoja. Kisha mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 serikali za Kenya, Rwanda na Uganda zikakubaliana kushusha gharama za kupiga simu kati yao. Lakini mpango ule ulianza na sauti. Bando za intaneti zilibaki na mpaka wake.

Sasa fikiria programu inayojifanya janja, inayotazama mnara ulioshikwa kisha inaamua: "Karibu Uganda!" Inabadilisha pesa, inabadilisha matangazo, inaficha huduma uliyoilipia. Mwenyewe hajainuka kitini. Kwa maoni yangu, programu inayokisia nchi ya mtu bila kumuuliza ina utovu wa adabu. Uliza mara moja, kumbuka jibu, basi.

Na mnara kutosoma ramani kuna upande wake mzuri. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Uganda ilizima intaneti nchi nzima kwa takriban siku 5. Minara ya upande wa Kenya haikuzimwa. Kwa mtu wa Kampala laini ya Kenya ingekuwa kipande cha plastiki. Kwa mtu wa Busia ya Uganda ilikuwa dirisha.

07 ya nani?

Hii inawahusu wenzangu tunaoandika programu. Unamjua yule mlinzi wa fomu tunayemweka, anayehakikisha nambari ya simu ina tarakimu 10 na inaanza na 07? Tunamwandika, tunamjaribu, tunaenda kunywa chai.

Lakini Uganda nao huanza na 07, nao huandika tarakimu 10. Nambari za 070 Kenya zilitolewa kwa Safaricom, Uganda zikatolewa kwa Airtel. Za 077 Kenya ni za Telkom, Uganda ni za MTN. Maana yake ni kwamba nambari moja, tarakimu kwa tarakimu, inaweza kuwa ya watu wawili walio hai, mmoja kila upande wa barabara. Mlinzi wako anawapitisha wote wawili akitabasamu. Ujumbe wa "mzigo wako umefika" unakwenda kwa mtu ambaye hana mzigo, na mwenye mzigo anangoja.

Dawa yake ni rahisi mno: hifadhi nambari ikiwa na +254 au +256 mbele, kila mara, hata kama unadhani wateja wako wote ni wa Umoja au Rongai. Na pili, mruhusu mtu awe na nambari mbili. Mfumo mwingi wa siku hizi unachukulia nambari ya simu kuwa ndiyo mtu mwenyewe. Mpakani nambari ni kama koti: leo hili, kesho lile, kulingana na hali ya hewa.

Shilingi, kalkuleta na zile sifuri mbili

M-Pesa ilianza Machi 2007. MTN ya Uganda ikaanzisha ya kwake Machi 2009. Tangu hapo mpakani kuna mifuko miwili ndani ya simu moja, na pesa zote mbili zinaitwa shilingi. Wewe unayeandika "Sh 5,000" kwenye kioo, unamaanisha ipi? Shilingi ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa shilingi 30 hivi za Uganda, ikipanda na kushuka. Tofauti ya mara 30 si tofauti ya kuachia msomaji akisie.

Kuna na hili: katika orodha ya kimataifa ya sarafu, shilingi ya Kenya (KES) ina senti, nafasi mbili baada ya nukta. Shilingi ya Uganda (UGX) haina, ni sifuri. Programu nyingi huandika "UGX 50,000.00" kana kwamba kuna mtu atakayedai senti. Mbaya zaidi ni programu inayohifadhi pesa zote kwa senti kisha inagawanya kwa 100 bila kuuliza ni pesa ya nani. Hapo 50,000 inageuka 500, na ugomvi unaanza.

Ndiyo maana nampa tuzo mbadilishaji pesa wa mpakani na kalkuleta yake. Kalkuleta haina intaneti, haiombi ruhusa ya kuona picha zako, haidai sasisho. Anabonyeza, anakugeuzia kioo usome mwenyewe, mnakubaliana au mnaachana. Kiwango kiko wazi kabla pesa haijahama. Niambie ni programu ngapi za kutuma pesa nje ya nchi zinazokuonyesha hesabu yao kwa uwazi huo.

Tarakimu 15 za IMEI

Bonyeza *#06# utaona nambari ya tarakimu 15. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya simu yenyewe. Mwishoni mwa Septemba 2012 tume ya mawasiliano ya Kenya iliagiza simu bandia zizimwe kwa kutumia nambari hiyo, na takriban milioni 1.9 zikanyamazishwa. Nia ilieleweka. Lakini waliozima ni mitandao ya Kenya. Mnara wa Uganda haukuwa na habari hiyo. Mpakani simu inaweza kuwa maiti upande mmoja na mzima upande mwingine, kwa umbali wa hatua kadhaa.

Mwishoni mwa 2024 likaja jingine. Mamlaka ya Mawasiliano na Mamlaka ya Mapato zilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025, IMEI za simu zinazoingia Kenya zitangazwe forodhani, na hata msafiri aandike ya simu yake. Katiba Institute walikwenda mahakamani, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikafuta matangazo hayo. Mimi nilifurahi. Kukusanya ushuru ni haki ya serikali, sikatai. Lakini kwa mama anayevuka kwenda kuuza nyanya na kurudi kila siku, simu si bidhaa anayoingiza nchini. Ni kitu kilichoko mkononi kama vile viatu viko miguuni. Sheria ile ilifikiria uwanja wa ndege. Haikufikiria Busia.

Malaba na kifaa kisicho na kioo

Kifaa ninachokipenda zaidi Malaba hakina kioo wala gemu. Ni ile lakiri ya kielektroniki inayofungwa kwenye kontena. Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wao wa pamoja wa kufuatilia mizigo mwaka 2017. Lakiri inajua iko wapi, inatuma habari kwa mtandao wa simu, na ikifunguliwa njiani inapiga kelele kwa maafisa wa nchi husika. Lori linatoka Mombasa hadi mpakani likiangaliwa na nchi tatu kwa jicho moja.

Kisha 2020 ikatufundisha kikomo chake. Corona ilipoingia, madereva walitakiwa kupimwa, majibu yakachelewa, cheti cha upande mmoja kikatiliwa shaka upande wa pili. Foleni ya malori Malaba ikafika makumi ya kilomita. Lakiri zilikuwa zikifanya kazi vizuri kabisa: ziliripoti kwa usahihi mkubwa kwamba lori halijasogea. Teknolojia ilikuwapo, kilichokosekana ni nchi mbili kuamini karatasi moja. Septemba 2020 Jumuiya ikaanzisha mfumo wa simu wa kubeba majibu ya madereva, ili yasomwe pande zote. Kwa maoni yangu huo ndio ulipaswa kuwa wa kwanza.

Na gemu je?

Nisiondoke bila kugusa gemu. Duka la Google hukuruhusu kubadilisha nchi yako mara moja tu kwa mwaka. Mara moja! Kwa mtu ambaye amevuka mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Kadi ya malipo ni ya huku, salio liko kule, na ile gemu unayoitaka inasema haipatikani ulipo. Ndiyo maana bado naheshimu gemu inayochezwa bila intaneti, ile ya kukaa wawili kwenye benchi na vidhibiti viwili. Haijali umetoka lango gani.

Basi, kipimo cha Busia ni hiki

Nambari iwe na msimbo wa nchi. Mtu mmoja aruhusiwe nambari mbili. Kila pesa iandikwe jina lake kamili. Nchi iulizwe, isikisiwe. Intaneti ikikatika, kazi isipotee.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni. Maafisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, unasimama mara moja badala ya mara mbili. Hakuna aliyefuta mpaka. Wamekubali tu kwamba watu wanauvuka, wakapanga meza zao kufuata hilo. Kama serikali mbili zimeweza kuhamisha ofisi, sisi tunaoandika programu tutashindwaje kuongeza nafasi moja ya nambari kwenye fomu?